Tengeneza Kikombe Kitakachotoka Kabatini

Nyumba nyingi hapa Kigoma zina kabati la vioo sebuleni, na ndani yake kuna seti ya chai ya kauri nyeupe inayotolewa Idi, Krismasi au siku wakwe wanapokuja. Siku nyingine zote watu wanakunywia vikombe vya plastiki na vya bati. Vijana wengi wanaoniuliza namna ya kuanza kazi hii ya ufinyanzi wanaota kutengeneza vyombo vya kukaa kabatini humo. Wadogo zangu, nawasihi mwote ndoto nyingine: kikombe ambacho mama atakishika kila asubuhi akiwa na haraka zake, bila kumwogopea mtoto asije akakivunja.

Mwalimu wa kwanza yuko barazani. Nenda Ujiji jioni, kaa penye kahawa, agiza na kashata, na ukimaliza kunywa usirudishe kikombe upesi. Kiangalie. Hakina mkono, lakini hakikuunguzi. Mdomo wake umepanuka kidogo kwenda nje, na chini kitako kimeinuliwa na pete nyembamba. Kidole gumba kinakaa mdomoni, cha kati kinaegemea pete, na ubavu wenye moto haumgusi mtu. Ndani hakuna kona, kwa hiyo machicha hayapati pa kujificha, na muuzaji anakisuuza kwenye ndoo kwa mzungusho mmoja. Ukuta ni mwembamba, ila mdomo umeachwa na unene wa kutosha kugongana na wenzake siku nzima. Hakuna ua wala mstari wa dhahabu unaosaidia lolote kati ya hayo. Mimi umbo nimelijifunza kwenye kikombe hiki kuliko kwenye picha zote za intaneti, na hadi leo nikikwama narudi barazani.

Hata hivyo, usianze na udongo wa kauri. Anza na udongo mwekundu wa bondeni, na ukipata nafasi kaa na kina mama wanaofinyanga vyungu. Watakufundisha kukanda hadi hewa itoke, kuinua ukuta bila gurudumu, na kusubiri. Utaona pia kwa nini wengine huchanganya vigae vilivyotwangwa: zile chembe hukifanya chungu kivumilie moto wa mafiga. Kauri haina subira hiyo. Ukiiweka juu ya jiko la mkaa itapasuka, na ni wajibu wako kumwambia mteja kabla hajalipa.

Udongo wa kauri ni mchanganyiko wa kaolini, ambao ni udongo mweupe, na madini mawili ya mawe: feldspa, inayoyeyuka tanurini, na kwatsi, iliyo ngumu kama mchanga. Kaolini tunayo Tanzania, inayojulikana zaidi ni ya vilima vya Pugu, Kisarawe, lakini ikitoka ardhini inabaki kuoshwa na kuchujwa. Mzigo ukiletwa kwa reli ya kati unasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kufika kwetu, kwa hiyo jifunze kutotupa hata vumbi. Mabaki yote narudisha kwenye ndoo, nayaloweka, nayakanda upya.

Ukishaushika utauona ugumu wake. Hauvutiki kama udongo wetu mwekundu, ukiuzidishia maji unalala gurudumuni. Tena una kumbukumbu: kikombe kikipinda wakati unakiondoa ukakinyoosha kwa mkono, kitapinda tena ndani ya tanuri, upande ule ule. Kisha udongo huu unasinyaa. Wa kwangu unapungua asilimia 15 tangu ukiwa mbichi hadi kuiva, maana yake nikitaka kikombe cha sentimita 8.5 lazima nikiinue hadi 10. Fanya kipimo chako mwenyewe: kata kipande, chora mstari wa sentimita 10, choma, pima. Usikubali namba ya mtu mwingine, hata hii yangu.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Kiangazi, kuanzia Juni, upepo wa ziwani unakausha mdomo wakati kitako bado ni kibichi, na hapo ufa unaanza. Funika kwa ndoo, geuza kila mara, na mkono wa kikombe uubandike wakati vyote viwili vina unyevu sawa. Kama unaweza kuepuka mkono kabisa, epuka. Barazani wameepuka, na hakuna aliyelalamika.

Moto ni mara mbili. Wa kwanza nafika nyuzi 1,000 hivi, taratibu, hasa nikikaribia 573 ambapo kwatsi hubadilika na kutanuka kwa ghafla. Wa pili, baada ya kupaka glezi, yaani utando unaogeuka kioo juu ya chombo, unafika karibu 1,280, na hapo feldspa huyeyuka na kufunga kila tundu. Natumia gesi. Kuni za kufikisha joto hilo ni nyingi mno, na misitu yetu imeshabeba mizigo ya kutosha.

Kuhusu glezi, ile ya ndani iwe ya uwazi na rahisi. Kuna kanuni ya zamani ambayo wafinyanzi wengi duniani wanaijua: feldspa sehemu 40, kwatsi 30, unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa 20, kaolini 10. Inaiva kwenye joto hilohilo. Usiguse madini ya risasi kwa namna yoyote ile, hata mtu akikuambia inang'aa vizuri. Huingia kwenye chakula, na watoto ndio huumia zaidi. Na karakana usiifagie kavu. Vumbi la kwatsi likikaa kwenye mapafu halitoki. Futa kwa kitambaa cha maji.

Kipimo changu cha mwisho ni mawese. Nayapasha, namimina ndani ya kikombe kipya, nayaacha hadi kesho yake, kisha naosha kwa sabuni. Glezi ikiwa na nyufa ambazo jicho halizioni, rangi ya chungwa itazichora zote. Kikombe hicho hakiuzwi. Chombo cha Kigoma kisichoweza kuoshwa mawese kitamkalia nani mezani?

Mapambo yatakujia kama kishawishi. Wageni wanaopita hapa kwenda hifadhi za Gombe na Mahale hupenda kikombe chenye picha ya sokwe, na wanalipa. Sikulaumu ukichora. Mimi nilikataa, kwa sababu nilitaka mteja ambaye atarudi mwakani kuongeza bakuli, na mteja huyo anaishi hapa hapa mjini, Mwanga au Gungu. Anachotaka ni bakuli linaloingia mchuzi wa migebuka bila kumwagika na kikombe cha uji cha mililita 300 kinachotulia mezani. Msijione wadogo kwa kutengeneza vitu vidogo. Mfinyanzi Lucie Rie, aliyeikimbia Vienna mwaka 1938 akahamia London, alijikimu miaka ya vita kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya udongo, na baadaye vikombe na mabakuli ya kutumia mezani. Leo kazi zake zimo katika makumbusho makubwa.

Bei ihesabu na vilivyopasuka. Tanuri likitoa vikombe kumi, viwili kati yake vikiwa vimeharibika, vinane vilivyobaki ndivyo vinavyolipia gesi yote, udongo wote na siku zako zote. Vyenye kasoro usiviuze kwa bei ya chini kwa siri, vitakurudia vikiwa na jina lako.

Kabla hujafungua duka, peleka vikombe kadhaa kwa muuza kahawa unayemwamini na umwambie: "Mzee wangu, vitumie kama vyako, usivionee huruma." Baada ya mwezi nenda ukavitazame kimoja kimoja. Vikiwa vimemeguka mdomoni, ongeza unene pale. Vikinasana anapovipanga, punguza pete ya chini. Na kama kuna kimoja ambacho wateja wanakiomba kwa kukionyesha kidole, mwombe akuazime hicho, kipime kila upande, uanze nacho.