Mwanangu, umeniuliza kama tunaweza kuiona kesho

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma kama mara nne hivi. Unasema mtumishi alikuita mbele ya watu wote akakwambia ameonyeshwa uache kazi, na ndani ya siku 90 mlango mkubwa unafunguka, ila kwanza upande mbegu, yaani utoe sadaka ya hela, ya kuufungulia huo mlango. Halafu ukaniuliza, "Mama, hivi mtu aliyeokoka anaweza kweli kuona mambo ya mbele au tunajidanganya tu?" Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu langu linapitia kwa marehemu baba yako, na ile habari sijawahi kukusimulia vizuri.

Ila nianze na swali lenyewe. Ndio, naamini kabisa Mungu anaweza kumwonyesha mtu jambo ambalo bado halijatokea. Si unamkumbuka nabii Agabo kwenye Matendo 11, alisimama pale Antiokia akasema njaa kubwa inakuja, na ikaja kweli, enzi za Kaisari Klaudio. Sasa we angalia wale watu walifanya nini baada ya kusikia. Hatuambiwi kwamba waliuliza tarehe, wala kwamba Agabo aliombewa sadaka. Walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Yaani unabii uliingia masikioni ukatokea mikononi, na wenye njaa wakala.

Huyo huyo Agabo baadaye akachukua mshipi wa Paulo akajifunga mikono na miguu, akasema ndivyo Wayahudi wa Yerusalemu watakavyomfunga mwenye mshipi huu na kumtia mikononi mwa mataifa. Watu wakalia, wakamsihi Paulo asipande kwenda Yerusalemu, na Paulo akapanda. Ujumbe mmoja, wote wamejaa Roho, lakini wamefika kwenye maamuzi mawili tofauti kabisa, na mwisho wakasema tu mapenzi ya Bwana na yatendeke. Ukisoma mbele kidogo, sura hiyo hiyo ya 21, Wayahudi walimkamata wakampiga, ila aliyeamuru afungwe minyororo miwili ni jemadari wa Kirumi. Jambo lilikuja kweli lakini halikuja na sura ile ile waliyoisikia. Ndo maana mimi ule mstari wa 1 Wakorintho 13 kwamba tunafahamu kwa sehemu na tunatabiri kwa sehemu naubeba kama ulivyo, kwa sehemu ni kwa sehemu mwanangu, hata aliyeonyeshwa kweli kaonyeshwa kipande.

Sasa baba yako. Alipozidiwa, alikuja mtumishi mmoja nyumbani kuomba, akamwekea mikono akasema, "Hutakufa, nakuona umesimama madhabahuni unashuhudia kabla mwaka haujaisha." Nililia kwa furaha. Nikachukua daftari nikaandika yale maneno na tarehe, nikapiga mstari chini mara mbili, peni ikachana karatasi. Kuanzia siku ile nikawa mlinzi wa ule unabii. Baba yako akianza kusema hati ziko wapi, au wewe usome shule gani, namkatiza, namwambia usikiri kushindwa, Mungu ameshasema. Usiku mmoja akanishika mkono akasema, "Kaa hapa kidogo, nina kitu nataka nikwambie." Nikamwambia utaniambia ukipona. Hakubisha, aligeukia ukutani akalala. Wiki tatu baadaye tukamzika, na mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Yule mtumishi nilipomuuliza akasema imani yangu ilipungua. Nikaibeba hiyo miaka na miaka, nikiamini mimi ndo nimemuua mume wangu kwa mashaka.

Kilichonifungua ni Yeremia 28. Nabii Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akasema ndani ya miaka 2 nira ya Babeli, yaani utawala wake, inavunjwa na vyombo vya hekalu vinarudi. Unabii mtamu, una na muda wake kabisa. Yeremia hakumtukana, alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, halafu akasema nabii anayetabiri amani atajulikana neno lake litakapotimia. Hanania akaivunja hadharani ile nira ambayo Yeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara, na Yeremia akaenda zake. Hapo huwa nasimama kila nikisoma, maana ni nabii wa kweli na kwa dakika ile hana la kujibu, anaondoka mpaka Bwana aseme naye tena. Hanania alikufa mwaka ule ule. Na sura inayofuata Yeremia anawaandikia waliopelekwa Babeli kwamba ni miaka 70, jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mlioko. Fikiria mtu aliyemwamini Hanania, hajengi, hapandi, haozeshi binti, anasubiri miaka 2 iishe! Nilijiona mimi pale kitandani kwa baba yako, nasubiri kesho niliyoahidiwa huku leo yangu inageukia ukutani.

Na sio sisi tu. Marekani, wafuasi wa mhubiri William Miller walipoisubiri tarehe 22 Oktoba 1844 wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna kwa kuwa Yesu anarudi. Harold Camping, mhubiri wa redio wa huko huko, naye alitangaza 21 Mei 2011 kuwa siku ya hukumu, ikapita, akasogeza mpaka 21 Oktoba, ikapita, na mwaka 2012 akakiri kwamba kupanga tarehe ilikuwa dhambi. Namheshimu kwa kukiri, wengi hawakiri. Wakati Yesu mwenyewe alishawaambia mitume si kazi yenu kujua nyakati wala majira.

Usifikiri mama yako amekuwa mtu wa kudharau unabii, hapana. Miezi michache baada ya msiba, nilikuwa siongei na mtu yeyote, asubuhi na mapema mama mmoja wa maombi akagonga mlango, kanga imelowa umande, akasema, "Nimeamshwa usiku nikuombee, sijui una nini, nimepewa neno moja tu, hukumuua." Sikuwa nimemwambia binadamu yeyote lile wazo. Hakuniambia kesho yangu, hakuomba kitu, tulikaa chini tukalia akaenda zake. Paulo anasema anayetabiri anawajenga watu, anawafariji na kuwatia moyo, na mimi asubuhi ile nilijengwa kweli kweli.

Kwa hiyo baba, hilo neno lako lipime. Biblia inasema manabii wanene na wengine wapambanue, basi mrudie huyo mtumishi kwa heshima umwambie unataka wazee wa kanisa walipime pamoja naye, uone atalipokeaje. Mimi lile la mbegu ndo linanisumbua kuliko yote, Mika alishawalaumu manabii wanaobashiri kwa fedha, na mlango ambao Mungu anaufungua sioni kwanini uwe na kiingilio. Umeandika pia unaogopa ukikataa utakuwa umemkataa Mungu. Soma Kumbukumbu la Torati 18 mwishoni, nabii akinena lisitimie, unaambiwa usimwogope. Na hata likitimia bado sura ya 13 inakutaka uangalie anakupeleka kwa nani. Hiyo hofu yako haijatoka kwa Mungu, nakwambia kama mama.

Jumatatu nenda kazini. Hela ya mbegu iache ilipo mpaka tuongee. Lile daftari bado ninalo, ukija nitakuonyesha ule ukurasa uliochanika. Na kama kuna kitu kingine kinakusumbua ambacho hukukiandika kwenye meseji, nipigie, hata iwe saa nane usiku, niamshe, nitakaa nikusikilize.

Mama yako