Posa, Joto la Februari na Nyumba Isiyofukizwa Udi

"Dada, niambie ukweli, unatumia udi gani? Nyumba yangu ikifika saa nane mchana haikaliki, na hela ya manukato imeniishia." Ujumbe huu umenikuta wiki hii nikiwa na furaha zangu, kwa hiyo jibu litakuwa refu. Mnivumilie.

Furaha yenyewe ni hii. Mdogo wangu wa kike kaposwa, na kwa kuwa wazazi wetu wako Pangani, wageni wa posa walipokelewa kwangu hapa Magomeni. Mnaijua Februari ya Dar. Joto linagonga nyuzi 32, hewa imejaa unyevu wa bahari mpaka chumvi inagandana kichupani, na ukitoka kuoga unaanza kutoka jasho kabla hujalifikia taulo. Wakaja watu wazima wa upande wa pili, wamejipamba na kujifukiza, akiwemo bibi mmoja wa Unguja ambaye kwao udi wanatengeneza wenyewe nyumbani. Akaketi, akatulia kidogo, akaniuliza: "Mwanangu, umefukiza nini humu?" Nikamwambia, bibi, sijafukiza kitu. Hakuniamini. Aliinama akachungulia chini ya meza kutafuta chetezo.

Na wifi yangu alikuwepo. Alisikia kila neno.

Sasa niwaeleze kwa nini hilo la wifi kusikia limenipa raha kuliko posa yenyewe, Mungu anisamehe. Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu tulipanga nyumba ya chini, na hitima ya baba mkwe ikasomewa kwetu. Siku hiyo niliamka kabla ya adhana. Nimedeki, nimefua mapazia, nimesugua mpaka nyuma ya mlango. Wifi akafika, akasimama kizingitini, akavuta ncha ya mtandio akaziba pua, kisha akasema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa jikoni: "Wifi, humu ndani mmefuga nini?" Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa na upawa mkononi, napakua, na nikaendelea kupakua. Watu wameniambia mara nyingi niyaache yapite. Nimeyaacha, lakini kicheko kile nikitaka kukisikia mpaka leo nakisikia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba harufu kweli ilikuwepo, na si ya uchafu wangu. Aliyeibaini ni fundi bomba wa mtaani, kijana mdogo tu. Tulikuwa na choo cha wageni ambacho hakikuwa na mtumiaji, tumekigeuza stoo ya madumu. Kijana akaondoa madumu, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya tundu la maji la sakafuni, kisha akaninusisha kile kiganja. Nilirudi nyuma. Akanifundisha jambo ambalo halimo kwenye mafundisho yote ya unyago niliyopewa: chini ya kila sinki na kila tundu la bafuni pana bomba lililopinda, na pale penye mpindo maji hukaa muda wote. Maji hayo ndiyo kizibo baina ya nyumba yako na shimo la maji taka. Bafu lisipotumika, na joto likiwa kali, maji yanakauka, kizibo kinaondoka, hewa ya shimoni inapanda mpaka sebuleni kwako na wewe unamlaumu dada wa kazi. Akamwaga maji ndoo nzima, akatuambia tusubiri. Kufika magharibi nyumba ilikuwa nyumba.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza habari ya udi, kabla ya kwenda Kariakoo pitia mabafu yako. Lile lisilotumika limwagie maji kila wiki msimu huu. Ukisafiri kwa muda mrefu, mimina na kijiko cha mafuta ya kula juu yake, yanachelewesha maji kukauka.

Hilo ndilo somo langu lote, mengine ni kulizungusha tu: harufu mbaya ina mahali inapotoka. Udi hauifukuzi, unaikalia juu. Na mgeni akiingia anapata vyote viwili, udi na kilichokaliwa, mchanganyiko ambao ni mbaya kuliko kila kimoja peke yake.

Tuje jikoni. Vijidudu vinavyoozesha chakula huzaana upesi zaidi joto likipanda. Ndiyo maana mchuzi uliolala mezani mwezi wa Julai ukaamka mzima, Februari asubuhi umeshachacha. Ukielewa hapo utaelewa kwamba utaratibu wa Julai hautoshi Februari. Sponji la vyombo la Julai linavumilia wiki, la Februari mara linateleza kwa utando, na kila sahani unayoosha nalo inabaki na uvundo wake. Tambara la kudekia ni hivyohivyo. Nimeingia nyumba za watu wenye uwezo, vigae vinang'aa, dawa ya kudekia yenye harufu ya maua imemwagwa mpaka macho yanawasha, halafu nyuma ya mlango wa jikoni tambara limelala ndani ya ndoo lilivyo, bichi. Wanachofanya kila asubuhi ni kupaka uvundo nyumba nzima kwa mkono. Likamue, litundike juani. Ndoo ifudikizwe.

Samaki je? Sisi watu wa pwani hatuwezi kuacha samaki kwa sababu ya wageni. Shombo lina dawa yake na bibi zetu waliijua bila kusoma kemia: ndimu. Ile harufu inatokana na kemikali yenye asili ya alikali, na asidi ya ndimu au siki inaifunga isiruke hewani. Kwa hiyo usiishie kwenye samaki. Kibao cha kukatia, kisu, sinki na mikono yako, vyote vipite ndimu au siki kabla ya sabuni. Matumbo na mapezi msiyaweke kwenye ndoo ya taka. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, wengi wetu taka tunazimwaga ndani ya ndoo moja kwa moja, na gari la taka huku kwetu linapita likijisikia. Mimi matumbo ya samaki nayafunga ndani ya gazeti, nayatia kwenye kopo lenye mfuniko, nayagandisha kwenye friza mpaka siku ya gari. Mume wangu alipoyakuta mara ya kwanza alidhani ni kitoweo.

Friji sasa. Unalifuta ndani, unaweka ndimu iliyokatwa, bado linanuka. Livute kutoka ukutani utazame nyuma, chini, juu ya ile mota inayonguruma. Friji nyingi zina kisahani pale cha kupokea maji yanayotiririka kutoka ndani, ili yakaushwe na joto la mota. Nilipokitoa cha kwangu kilikuwa na maji mazito ya kijani, na katikati ukwaju wa futari ya mwaka gani sijui, umeota manyoya. Kioshe kwa siki. Na umeme ukikatika, usilifungue fungue: lisipofunguliwa baridi yake huhifadhi chakula kwa kama saa 4. Baada ya hapo nyama, samaki na maziwa huna sababu ya kuvionea huruma.

Vyumbani nitapita haraka. Taulo zisilale juu ya kitanda. Tenga la nguo chafu liwe na matundu, na lisikae bafuni. Godoro la mtoto anayekojoa litolewe juani, na hapa msinidanganye kwamba mnaligeuza, kugeuza ni kuficha. Viatu vya baba viishie barazani.

Upepo ndio nataka niuzungumze sawasawa, kwa sababu ni wa bure na tunaupuuza. Kaskazi kwetu hapa huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, ikitokea kaskazini mashariki. Tafuta dirisha la upande huo ulifungue, kisha fungua lingine, au mlango, upande wa pili kabisa. Dirisha moja peke yake halileti kitu, upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Wazee waliojenga Mji Mkongwe walijua: kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu, uwazi katikati ya nyumba hewa ipande. Sisi tumeletewa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo ukiyafungua yote bado nusu imefungwa, halafu tunapanga kochi mbele yake na pazia zito juu. Mimi nafungua alfajiri mpaka saa tatu hivi, nafunga mapazia ya upande unaopigwa na jua, nafungua tena baada ya alasiri. Kabati la nguo nimelisogeza kutoka ukutani kiasi cha mkono kupita, kwa sababu ukuta wa pwani una unyevu na kuvu hupenda mahali hewa isipopita. Milango yake huachwa wazi siku nikifanya usafi.

Ndani ya kabati, tafadhali, tupeni zile dawa nyeupe za duara za kufukuzia nondo, hasa mkiwa na kichanga. Mama zetu waliziweka kila mahali, na ile harufu watu wanaiita harufu ya usafi. Nyingi zina nafthalini. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo ipo sana katika ukanda wetu huu wa malaria, akivalishwa nguo zilizokaa na dawa ile chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika. Karafuu kavu ndani ya kitambaa chepesi zinatosha. Kanga zangu zote zinanukia karafuu, na sijawahi kuona nondo.

Mkishafanya hayo, ndipo tuzungumze udi. Mimi si adui wa udi, jamani, nimekulia ndani ya moshi wake. Lakini una adabu yake. Makaa yawashwe nje mpaka yakolee yapate majivu meupe, ndipo yaingie ndani kwenye chetezo. Kipande cha udi kiwe kidogo. Dirisha lisifungwe lote, na msilale na makaa chumbani hata kama ni mawili, kwa sababu hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na imeshaua watu usingizini. Nyumba yenye mtu wa pumu iache moshi kabisa. Tungeni vikuba vya asumini na mrehani, au nyunyizeni marashi kwa mrashi.

Na sasa mniruhusu niseme. Tumekuwa watu wa kununua. Tatizo likitokea, mkono wa kwanza unakwenda kwenye pochi. Kopo la kupuliza la sebuleni, la chooni, la kitandani, la gari. Mdogo wangu mmoja nilimhesabia makopo aliyonayo nikamwambia hii ni bajeti ya mboga. Unapuliza, nusu saa imekwisha, unapuliza tena, na tundu la bafu bado limekauka vilevile. Kisha tunawafokea mabinti wa kazi, ambao hatujawahi kuwaonyesha kisahani cha friji kiko wapi kwa sababu na sisi hatukijui. Na nyie akina baba mnaosoma haya kwa kujificha, harufu ya nyumba si mtihani wa mwanamke peke yake. Siku ya hitima ile wanaume nao walikuwepo, na choo kile walikipita wote, hakuna aliyeulizwa kafuga nini. Mwenye nyumba niliyemlipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo naye hakuulizwa.

Wifi yangu, baada ya wageni wa posa kuondoka, alibaki kunisaidia vyombo. Akazunguka zunguka, akagusa pazia, mwishowe akasema kwake siku hizi kuna kiharufu hakijulikani kinatoka wapi, kama nina udi mzuri nimgawie. Nilimpa udi. Habari ya kumwaga maji kwenye tundu sikumwambia siku ile, nitamwambia, msinihukumu. Huenda anasoma hapa.

Jambo la mwisho, kwa sababu kuna mmoja kaniandikia kwamba anachanganya jiki na dawa kali ya kusugulia choo ili zifanye kazi pamoja: acha leo hii. Jiki ikikutana na dawa yenye asidi inatoa gesi ya klorini, na siki pia ni asidi, kwa hiyo usiimimine panapo jiki. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, nyingine iwe siku nyingine. Ukishachanganya na koo likaanza kuwasha, usikae kusuuza, toka nje na uache mlango wazi nyuma yako.