Je, eksirei za galaksi zimetuonyesha maada giza?

SWALI: Mhariri, tunafundishwa kwamba maada giza haitoi mwanga. Imekuwaje basi wanasayansi waitafute katika eksirei za galaksi, na ile dalili iliyotangazwa mwaka 2014 iliishia wapi? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza ukiwa mahali panapostahili, kwa maana setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya eksirei za angani, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na mji wenu.

Ni kweli kwamba maada giza, ile maada isiyoonekana inayotambulika kwa mvutano wake tu, haiwaki. Hata hivyo, ipo nadharia isemayo kuwa imeundwa na nyutrino tasa, chembe ambazo, mara chache mno, huvunjika na kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nusu ya nishati ya uzito wake. Kwa kuwa chembe hizo zote zina uzito mmoja, fotoni zake zingejikusanya mahali pamoja katika spektra, yaani mwanga uliopangwa kwa nishati, na kufanya mstari mwembamba.

Mwaka 2014 timu moja iliyojumlisha vipimo vya makundi 73 ya galaksi, na nyingine iliyochunguza galaksi ya Andromeda na kundi la galaksi la Perseus, zilitangaza mstari kama huo kwenye kiloelektronivolti 3.5 hivi (kipimo cha nishati; moja ni elektronivolti 1,000), jambo ambalo lingemaanisha chembe yenye uzito wa kiloelektronivolti 7. Zote zilitegemea zaidi darubini ya Ulaya, XMM-Newton. Lakini kilichoonekana kilikuwa kinundu cha takriban asilimia 1 tu juu ya mwanga unaokizunguka, na hapo ndipo mashaka yalipoanzia: gesi iliyojaa ndani ya makundi hayo, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, ina potasiamu, nayo hutoa mistari yake papo hapo karibu na 3.5, ilhali vipokezi vya wakati huo havikuweza kuitenganisha.

Watafiti wakageukia Draco, galaksi ndogo isiyo na gesi ya kuwachanganya, wakaikodolea macho kwa sekunde milioni 1.4 hivi. Wengine walisema hakuna kitu. Wengine wakajibu kwamba vipimo haviifuti dhana. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, haikuuona mstari wa Perseus kwa nguvu iliyodaiwa, kisha ikaharibika wiki chache tu baada ya kurushwa. Mimi naona uzito wa ushahidi umeelemea upande wa wanaokana kwamba mstari huo ni wa maada giza.

Mrithi wa Hitomi, XRISM, iliyorushwa Septemba 2023, hutofautisha nishati zinazopishana kwa elektronivolti 5 hivi tu, na kwa hiyo inaweza kupima hata upana wa mstari. Chembe za maada giza zingekuwa zinakimbia ndani ya kundi kwa kasi kubwa kuliko mitikisiko ya gesi, hivyo mstari wake ungekuwa mpana kuliko ule wa potasiamu.