Kabla Hujaomba Kazi Kwenye Shirika la Wanawake

Nimefanya kazi miaka mingi katika shirika dogo la kijamii linalohudumia wanawake, na mara nyingi nimekuwa mmoja wa wanaowahoji waombaji wa kazi. Huwa tunaanza na swali jepesi: kwa nini umechagua hapa? Karibu wote hujibu kwamba wanapenda kusaidia wanawake. Wanasema kweli, na ninawaheshimu kwa hilo. Ila mapenzi hayo humleta mtu kazini tu. Wenzangu waliodumu wamedumu kwa sababu nyingine, na wewe unayefikiria kujiunga nasi ningependa uzijue sasa, kabla hujasaini mkataba.

Kubwa kuliko zote ni kwamba katika shirika dogo uamuzi wako una uzito tangu siku za mwanzo. Mfikirie mhudumu wa mapokezi. Anaingia mwanamke aliyebakwa usiku wa kuamkia jana. Mhudumu aliyefundishwa vizuri anajua kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Anajua pia kwamba vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi saa 120, na nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Kwa hiyo haanzi na fomu. Anamuuliza tukio lilitokea lini, kisha, mwanamke akiridhia, anampa rufaa na kumtafutia mtu wa kumsindikiza hospitali. Hakuna mkurugenzi aliyeitwa, wala kikao kilichokaa. Mtu akishaonja kazi ya namna hiyo, ambamo anachokijua na anachokiamua kinamfikia mwenzake saa hiyohiyo, si rahisi kumshawishi kwa cheo cha ofisi kubwa.

Ya pili huchukua muda kuielewa. Kazi hii inakufundisha kumheshimu mtu hata anapoamua usichokitaka wewe. Mfanyakazi mpya akisikia mwanamke anapigwa nyumbani, jambo la kwanza linalomjia ni kumwambia aondoke leo. Wazoefu wanakwenda taratibu, kwa sababu wanajua kwamba wakati wa kuondoka, na siku zinazofuata, mara nyingi ndio wakati wa hatari kubwa zaidi. Wanakaa naye wapange usalama: vyeti vya watoto vihifadhiwe wapi, nauli iwekwe kwa nani, jirani gani anaaminika, ni neno gani akilitamka kwenye simu wajue mambo yameharibika. Kisha anarudi nyumbani kwake. Huenda ataondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja. Kila akija, anapokelewa bila lawama.

Nimeona wanaokuja wakitaka kuwa waokoaji ndio wanaochoka haraka, kwa kuwa kila anayerudi kwa mume wanamhesabu kama kushindwa kwao. Wanaodumu wanafurahia kitu kingine: kumwona mwanamke aliyezoea kuamuliwa kila jambo akianza kuamua mwenyewe. Ukijiona una subira ya aina hiyo, ninakusihi uje. Tunawahitaji watu kama wewe kuliko tunavyohitaji wenye shahada nyingi.

Inasaidia pia kujua huduma hizi zilikotoka. Kituo kilichofunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971 kilianza kama mahali pa kina mama kukutana pamoja na watoto wao. Walipoanza kuja waliokimbia kipigo, kikageuka kuwa nyumba salama, na nyingine nyingi zikafuata. Nchini Niger, mwaka 1991, shirika la kimataifa la misaada, CARE, lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini kwa mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo fedha zinazokopeshwa ni akiba ya wanachama wenyewe. Mara zote mbili wanawake walikuwa ndio wenye shughuli, hawakuwa wa kuhurumiwa. Shirika zuri bado liko hivyo. Angalia kama waliowahi kuhudumiwa wamo kwenye bodi, kama wamo miongoni mwa wafanyakazi, na kama maoni yao yanabadilisha chochote.

Baadhi yetu tuliingia kazi hii kwa sababu tumeupitia ukatili wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amepata ukatili wa kimwili au wa kingono maishani mwake, hivyo si ajabu kwamba wengine wako upande wa watoa huduma. Uzoefu huo ni nguvu, lakini kidonda kibichi hakifai kukaa siku nzima kinasikiliza vidonda vingine. Jipe muda. Na kwenye usaili hulazimiki kumsimulia mtu yeyote yaliyokupata. Ukiona wanakuchimba ili uyaseme, hiyo ni alama mbaya kuhusu shirika lenyewe.

Wanaume nao wapo, katika usaidizi wa kisheria, hesabu na mafunzo ya jamii, na wazuri ni wale wanaokubali kwamba kuna milango ambayo hawatakuwa wao wa kuifungua.

Sasa fedha. Mshahara kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mashirika makubwa, na mara nyingi umefungwa kwenye mradi wa mfadhili fulani. Uliza bila aibu: nafasi yangu inalipwa na mradi upi, unaisha lini, na kipindi cha kati ya mradi na mradi mnaishije? Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walionyesha mwaka 1959 kwamba malipo na mazingira mabaya humfanya mtu aichukie kazi, ilhali kinachompa raha ya kazi ni kazi yenyewe, kutambuliwa na kukua. Nimeyaona yote mawili. Upendo wa kazi haulipi kodi ya nyumba, na kiongozi anayechelewesha mishahara huku akiwahimiza watu wajitolee zaidi anawavunja haohao wanawake aliowaajiri.

Kuna swali moja ambalo waombaji karibu hawaliulizi kabisa, nalo ndilo ningelianza mimi: mimi nitasikilizwa na nani? Kusikia masimulizi ya mateso kila siku kunaingia mwilini. Christina Maslach, mtafiti wa uchovu wa kazi, alieleza dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana. Ya pili ndiyo inayonitisha, kwa sababu mwenye nayo haioni. Wanaoiona ni wenzake, pale anapoanza kumwita mtu kwa namba ya jalada. Shirika linalojali lina vikao vya kudumu vya kuwasikiliza wafanyakazi, lina mshauri kutoka nje, linaweka ukomo wa idadi ya watu ambao kila mmoja anawahudumia, na likizo zinachukuliwa kweli.

Ukiitwa kwenye usaili, omba uzungumze faragha na mtu anayefanya kazi hiyohiyo unayoiomba. Muulize wa mwisho kuondoka aliondoka kwa nini, na ni jambo gani lililomfanya yeye abaki siku alipokuwa tayari ameandika barua ya kuacha kazi. Wakikukatalia kuzungumza naye, tafuta shirika lingine.