Re: Aiskrimu ya embe inaganda kama jiwe

Habari ndugu. Umesema unataka ladha ya embe iwe laini kama aiskrimu ya Azam ya kwenye kopo, lakini yako ikitoka kwenye friza ni chenga za barafu tupu.

Kwanza angalia maji. Je, ulisaga embe kwa maji? Mimi niliharibu aiskrimu mara mbili hivyo hivyo. Sasa nasaga embe dodo tupu, nachuja nyuzi, kisha rojo naliinjika moto mdogo mpaka liwe zito, nalipoza kabisa. Halafu sukari: usiibanie, kwa sababu ndiyo inayozuia maji yote kuganda. Mchanganyiko uwe mtamu kupita kiasi ukiuonja kabla ya kugandisha, maana baridi hufifisha utamu.

Rojo lichanganye na krimu, au na maziwa yako uliyoongeza maziwa ya unga. Ukishaiweka kwenye friza, kila nusu saa toa, kwangua pembeni, piga kwa mashine, rudisha, mara tatu au nne. Viwandani huipiga huku inaganda ili hewa iingie, ndiyo maana ile ya dukani ni nyepesi.

Ya ukwaju uliyouliza mwishoni sijawahi kuijaribu, labda mwingine akusaidie.