Godoro lilianikwa barazani, nikaenda maktaba

Juzi saa sita usiku dada mmoja kanitumia ujumbe. Mwanawe wa miaka 4, aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani, ameanza upya. Mdogo wake ana wiki 5. "Nimembembeleza, nimemchapa, nimechoka. Wewe ulifanyaje na wa kwako?"

Nilicheka peke yangu gizani, halafu nikanyamaza. Godoro hilo nalijua.

Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 4 na nusu nilipojifungua wa pili. Alikuwa mtoto wa kujivunia: anavaa mwenyewe, anaamkia wageni bila kusukumwa, usiku mkavu. Tulipofika nyumbani na mchanga, siku ya tatu shuka likalowa. Kesho yake tena. Akadai anyweshwe kwa chupa, akaanza kuongea kitoto. Nilimpeleka zahanati, mkojo ukapimwa, ugonjwa hakuna. Basi nikajiaminisha kuwa ni kiburi.

Wifi yangu alikuwa amekuja kunisaidia siku za arobaini. Asubuhi moja alilitoa godoro akaliegesha barazani, pale ambapo kila aendaye bombani lazima alione. Watoto wa jirani wakaanza kumwimbia kikojozi. Mwanangu hakulia. Alijibanza nyuma ya mlango, akawa anabandua rangi ya ukuta kwa ukucha. Mimi nilikuwa chumbani nanyonyesha, nasikia kila neno, na sikutoka. Miaka inakwenda ya tano sasa na bado najiuliza kwa nini sikutoka.

Habari ya maktaba nilipewa na jirani ambaye ni mwalimu. Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, niliijua kwa nje tu, kama mahali wanachuo wanapokimbilia mitihani ikikaribia. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, kwa hiyo imenizidi umri, na miaka yote hiyo napita mjini sikuwahi kujua kuwa ndani mna sehemu ya watoto. Arobaini ilipokwisha nilimwachia mama mkwe mchanga, nikapanda na mkubwa wangu mwendokasi kutoka Kimara. Wawili tu. Nusu ya dawa, naapa, ilikuwa ile safari.

Nilikwenda na oda yangu kichwani: nataka kitabu cha mtoto aliyepata mdogo wake akawa na adabu. Mkutubi, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Atakayesoma ni wewe au yeye? Mwache achague."

Akachagua kitabu cha wanyama wa kufugwa. Moyoni nikasema tumepoteza nauli. Ukurasa mmoja ulikuwa na mbuzi jike ananyonyesha watoto wawili, na pembeni kasimama mbuzi mwingine, mkubwa kidogo kuliko wale wanaonyonya. Maandishi yalisema tu kuwa mbuzi hutupatia maziwa na nyama. Mwanangu akaweka kidole juu ya yule wa pembeni.

"Huyu mama yake kamsahau."

Nilishindwa la kusema. Nikamuuliza, "Sasa anataka nini?"

"Anataka aitwe."

Ilinichukua mpaka kituoni kuelewa. Tangu mdogo wake azaliwe, nyumba nzima tulikuwa tunamwita "dada". Dada leta nepi, dada nyamaza mtoto amelala, dada wewe si mkubwa? Jina lake, ambalo nililitafuta miezi 9, lilikuwa halijanitoka mdomoni kwa siku nyingi.

Miezi iliyofuata siisimulii yote, ni kufua shuka tu. Haikuwa muujiza wa usiku mmoja. Lakini nilianza kumwita jina lake, na kila jioni dakika chache zilikuwa zake na kitabu, hata mchanga akilia. Kisha tukatengeneza cha kwetu: nilichapisha steshenari picha zake za uchanga, nikazibana kwenye karatasi, yeye akachora zilizobaki. Yuko kwenye beseni, anabebwa mgongoni, ana jino moja. Alikisoma mpaka kikachanika, naye hata a-e-i-o-u alikuwa hajazijua.

Sasa wazazi wenzangu, niseme. Tunataka vitabu vituchapie watoto. Mtoto kagoma kula, tunatafuta hadithi ya mtoto aliyegoma kula akaumwa. Kaogopa shule, tunatafuta ya aliyeogopa akawa wa mwisho. Mtoto si mjinga, anajua anasemwa. Chukua kitabu chochote chenye picha nzuri, mwache aweke kidole anapotaka, uliza swali moja, halafu funga mdomo. Narudia: funga mdomo. Mimi mwenyewe hapo ndipo nafeli hadi leo. Na akitaka kilekile mara ya ishirini, msomee kilekile, ujue kuna kitu hajamaliza nacho.

Usiniambie uko mkoani. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani pia, kaulize ya kwenu iko wapi. Kama ni mbali, African Storybook wameweka mtandaoni tangu 2014 hadithi fupi za watoto, za Kiswahili zimo nyingi, za bure, unazisoma kwenye simu hiyohiyo unayoshinda nayo ukiangalia harusi za watu. Vitabu vya Kiswahili vilivyopitia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, navyo ukivikuta shuleni kwa mwanao, muombe mwalimu akuazime kimoja.

Wifi yangu aliwahi kuniuliza mbele ya watu, "Hicho kitabu ndicho kitakachokausha godoro?" Watu wakacheka. Mwezi uliopita kanipigia simu, mwanawe anaanza darasa la awali na kila asubuhi ni vilio, eti kile kitabu cha mbuzi nilikipata wapi. Nilimwelekeza vizuri, kwa heshima zote. Sikumkumbusha lolote. Nimeandika hapa, anapita humu.

Dada wa juzi, wewe anza leo: mwite mwanao kwa jina lake kabla hujamwambia jambo lolote. Mpeleke zahanati wampime mkojo, usikisie. Jioni mpakate na kitabu. Na godoro lianike uani.