Maswali na majibu: Timu ya gari la wagonjwa haiendeshwi kwa hotuba

Wiki hii nimechagua maswali ya wanaosimamia magari ya wagonjwa na wanaofanya kazi ndani yake. Yamekuwa mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: wafanyakazi wamechoka na kiongozi hajui aanzie wapi.

Sista, shikamoo. Nasimamia madereva na wauguzi wanaosindikiza wagonjwa wa rufaa wilayani kwetu. Morali imeshuka kabisa. Nataka kuandika dokezo la kuomba fedha za semina ya kuwahamasisha. Nimwalike mtoa mada gani? (Msimamizi, Kanda ya Ziwa)

Marahaba. Usimwalike yeyote. Kabla ya kuandika hilo dokezo, niambie matairi ya gari yalibadilishwa lini. Posho za safari za mwezi uliopita zimelipwa? Dereva aliyerudi kutoka hospitali ya mkoa saa kumi alfajiri, ilipofika saa mbili asubuhi alikuwa wapi? Kama alikuwa ameshika usukani tena, tatizo lako ni ratiba ya zamu, na hakuna mtoa mada atakayekuja kukupangia ratiba.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24 anakaribia asilimia 0.10. Hakuna kati yetu anayeweza kumkabidhi mlevi mama mwenye kifafa cha mimba. Lakini dereva mwenye usingizi tunampa ufunguo, tena tunamwambia huo ndio uzalendo.

Kwa hiyo fanya hivi. Bandika ukutani ratiba ya mwezi mzima kabla mwezi haujaanza, ili mtu ajue lini atakuwa nyumbani na wanawe. Aliyesafiri usiku alale asubuhi, hata kama bosi anataka gari. Kama posho zimekwama, waambie kwa mdomo wako siku ileile mhasibu alipokuambia, na uwaeleze zimekwama meza gani. Hakuna kinachowavunja moyo watu kama kusikia habari za fedha zao kutoka kwa mlinzi wa getini.

Ukishafanya hayo kwa miezi mitatu na bado wamenuna, niandikie tena, tutazungumza habari za semina.

Je, inaruhusiwa gari la wagonjwa kuchukua wageni wa mafunzo stendi kama hakuna dharura? (Wengi wenu)

Hapana. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi na silijibu tena. Dharura haitoi taarifa kwamba inakuja, na timu inayoona gari lake limegeuzwa teksi ya wakubwa haiwezi kuamini neno lolote utakalosema kuhusu kuokoa maisha.

Mimi ni dereva. Kwenye vikao vya timu siitwi. Tukiwa safarini muuguzi ananifokea mbele ya ndugu wa mgonjwa: “We dereva, fanya haraka!” Nifanye nini? (Dereva, Nyanda za Juu Kusini)

Kaka yangu, pole. Jibu hili nataka msimamizi wako alisome pia.

Usiku wa masika, anayejua ni daraja gani halipitiki ni dereva. Anayejua gari linavuta kushoto ni dereva. Mgonjwa akibadilika njiani, mikono ya pili iliyopo ni ya dereva. Kumwacha nje ya kikao ni kukubali kwamba siku moyo wa mgonjwa utakaposimama, muuguzi atakuwa peke yake.

Msimamizi, mfundishe dereva wako kukandamiza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Mfundishe kumlaza mjamzito kwa ubavu wa kushoto. Mfundishe na hesabu ya oksijeni, maana hapa ndipo ninapoona uzembe mkubwa kuliko wote. Mtungi wenye lita 680, mgonjwa akipewa lita 10 kwa dakika, unaisha ndani ya dakika 68. Kama barabara yenu ni ya saa mbili, mtungi mmoja utawaachia mgonjwa porini. Hesabu hiyo ipigwe na wote wawili, kwa sauti, kabla injini haijawashwa. Na geji isomwe na macho, isikubaliwe kwa sababu zamu iliyopita walisema “upo”.

Kwako wewe kaka: usingoje kualikwa. Mwombe muuguzi huyohuyo akufundishe vifaa vilivyomo nyuma, siku ambayo hamna safari. Kuhusu kufokewa, mwambie mkiwa wawili, mkisharudi, kwamba kelele zake zinakuondolea umakini barabarani. Muuguzi naye ajue kwamba yuko nyuma amesimama, mara nyingi bila mkanda, na kila anapodai mwendo zaidi anahatarisha shingo yake mwenyewe.

King'ora kiwashwe muda wote tukiwa na mgonjwa? Vijana wangu wanasema kinawapa ari. (Msimamizi, Pwani)

Ari itafutwe kwingine. Utafiti uliofanywa Greenville, North Carolina, mwaka 1995 ulilinganisha safari za ambulensi zenye king'ora na zisizo nacho: tofauti ilikuwa wastani wa sekunde 43.5. Kwa barabara zetu zenye bodaboda na ng'ombe, sekunde hizo zinaweza kulipiwa na maisha ya mpita njia. Anayeamua king'ora kiwashwe awe ni muuguzi, kwa hali ya mgonjwa. Mgonjwa aliyetulia anayepelekwa kupigwa picha hahitaji mji mzima ujue.

Sista, mama alifariki mikononi mwetu njiani. Tulipofika msimamizi alisema, “Hii kazi ndivyo ilivyo, mzoee,” akatupangia safari nyingine. Mwenzangu hajazungumza vizuri tangu siku hiyo. (Mkunga)

Pole sana, mwanangu. Pole kwako na kwa mwenzako, na Mungu amrehemu mama huyo.

Kauli ya “mzoee” nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi na bado inanikera. Asiyeguswa kabisa na kifo cha mama wa umri wake simtaki kwenye gari langu.

Lakini viongozi, msikimbilie upande wa pili. Wapo wanaowakusanya watu usiku uleule na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichokiona na alichohisi. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo, kwa kuwa hakijaonyesha faida. Kinachofaa ni rahisi zaidi. Watolewe kwenye safari inayofuata. Wapate maji ya kuoga, chai, na mahali pa kukaa. Anayetaka kuzungumza asikilizwe bila kukatizwa, asiyetaka aachwe. Mtu mmoja ahakikishe wamefika nyumbani, na kesho yake apige simu. Baada ya wiki mbili tatu, kama mmoja hapati usingizi, hali chakula, au ameanza pombe, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili bila kutangaziwa.

Kikao cha mapitio ya kifo cha mama ni jambo jingine na lazima kifanyike, siku nyingine, kwa lengo la kujua ucheleweshaji ulianzia wapi. Akianza mtu kunyoosha kidole, mwenyekiti amzuie palepale. Timu ikishahukumiwa mara moja kwenye kikao hicho, taarifa zote zinazofuata zitaandikwa kwa hofu, na hutajua tena ukweli wa barabarani.

Mwenzako mpelekee chakula. Usimuulize kitu.

Madereva ngazi ya jamii wanaoitwa kupitia namba ya simu ya dharura 115 wanaleta akina mama hadi kituoni, na timu yangu inawadharau, inasema wanaingilia kazi. Nifanyeje? (Mratibu)

Waulize wanaodharau kama wangeweza kufika kijiji kile kwa wakati. M-Mama, mpango huo wa kuwasafirisha kwa dharura wajawazito na watoto wachanga, ilianzia Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia akazindua kuenezwa kwake nchi nzima, kwa sababu hiyohiyo: gari la wagonjwa liko mbali, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Dereva wa jirani mwenye gari dogo ni sehemu ya timu yako hata kama hayumo kwenye orodha yako ya mishahara.

Mwalike kikaoni. Mpe glavu. Mwonyeshe kusafisha damu kwenye kiti kwa klorini ya asilimia 0.5, jambo ambalo wengi wao hawajawahi kuonyeshwa na mtu yeyote. Machi 2023, Marburg, ugonjwa unaoambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili, ilipotangazwa Kagera, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki. Aliyebeba mgonjwa kwa gari lake binafsi anastahili kinga ileile unayoidai wewe.

Nianzishe zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi? (Msimamizi mpya)

Kazi inafanywa na wawili wawili, wewe unataka kumpa picha ukutani mmoja. Acha. Fedha hiyo inunue chakula cha zamu ya usiku.

Na kama unataka kitu kisichohitaji bajeti, pigia simu hospitali iliyompokea mgonjwa, uliza ameendeleaje, kisha rudi uwaambie waliompeleka. Madereva wengi humaliza mwaka mzima bila kujua hata mmoja wa waliowakimbiza usiku alipona. Anza na wagonjwa wa wiki hii.